Wastani wa 8 hauonyeshi shule inafundisha vipi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yakitangazwa, orodha ileile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mumias hadi Bondo. Shule zote za kaunti fulani zimepangwa kwa wastani wa pointi (gredi A ni pointi 12, E ni 1), ya kwanza ina 8 na ushei, za mkiani zina 3, na hukumu ishatolewa: hii inafundisha, ile imelala. Wizara ya Elimu iliacha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014, lakini wazazi, hata wanakamati wa bodi, wanajipangia wenyewe, tena kwa kipimo kibovu kuliko vyote. Nimechoka kulijibu hili kwa sentensi mbili mbili, kwa hiyo leo naliandika lote.

Wastani wa KCSE kwanza kabisa unakuambia ni nani aliyeingia Kidato cha Kwanza. Kakamega School, Butere Girls na Maranda ni shule za kitaifa. Huchukua wanafunzi kutoka nchi nzima, na enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, waliingia na alama za juu, mara nyingi karibu na 400 kati ya 500. Shule ya kutwa ya kaunti ndogo iliyo ng'ambo ya barabara ilipokea waliobaki: 180, 220, 250. Kuwapanga hawa kwenye safu moja halafu kumsifu mwalimu wa upande mmoja na kumkaripia wa upande wa pili ni dhuluma.

Linganisha shule na zile zilizopokea wanafunzi wa kiwango kilekile. Chukua wastani wa KCPE wa darasa lililoingia, kisha wastani wa KCSE wa darasa hilohilo miaka minne baadaye. Tuseme shule ya bweni ilipokea wastani wa 380 ikatoa 8.4, ilhali wenzake wa 380 wametoa 8.9. Shule ya kutwa ilipokea 235 ikatoa 5.1, na wenzake wa 235 wametoa 4.2. Ya kwanza imepoteza nusu pointi kwa kila mtoto. Ya pili imeongeza karibu pointi nzima, na ndiyo inayotukanwa kwenye WhatsApp.

Sasa suala ambalo hata maafisa wa elimu hulipita haraka: idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 40, watatu wakitoka D (pointi 3) hadi C+ (pointi 7), imepata pointi 12 zaidi, na wastani wake umepanda kwa 0.3. Watatu haohao kwenye shule ya watahiniwa 400 wanaupandisha kwa 0.03. Ndiyo maana shule ndogo ndizo "zilizoimarika zaidi" mwaka huu na ndizo "zilizoanguka zaidi" mwaka ujao. Alama za watahiniwa 40 zikitawanyika kwa pointi mbili hivi, kama ilivyo kawaida, tofauti ya nusu pointi kati ya miaka miwili huenda isiwe na sababu yoyote ya kufundishwa. Mwalimu mkuu asihamishwe kwa ajili yake.

Kwa hiyo unganisha miaka mitatu, na uunganishe sawasawa. Usichukue wastani wa wastani. Watahiniwa 30 wenye 6.0 mwaka mmoja na 90 wenye 4.0 mwaka mwingine hawakupi 5.0. Wanakupa pointi 540 kugawanya kwa 120, yaani 4.5. Kosa hili limo kwenye ripoti nyingi mno.

Tena usiunganishe miaka kabla na baada ya 2023 bila kusema. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya jumla huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema, na masomo mengine matano bora. Zamani Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa, na sayansi mbili zilikuwa za lazima. Shule iliyopanda mwaka huo huenda haikubadilisha hata chaki.

Kisha hesabu walioondoka njiani. Tuseme walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa 90, waliofanya mtihani ni 62. Wale 28 wako wapi? Wengine karo, wengine mimba, wengine wamehamia karibu na nyumbani. Lakini ziko shule zinazowasukuma wanyonge nje Kidato cha Tatu kabla ya usajili, na hilo linapandisha wastani kuliko mwalimu yeyote wa fizikia. Gawanya waliopata C+ na zaidi kwa walioingia, si kwa waliofanya. Hali ni hiyohiyo ndani ya somo moja: wastani wa 9 katika fizikia wenye watahiniwa 12 kati ya 110 huenda unaonyesha tu kwamba 98 walizuiwa mlangoni.

Kipimo changu nacho kina ufa, na nitausema. Kipimo hiki kinaionea shule ya kitaifa, kwa sababu aliyeingia na 410 hawezi kuvuka pointi 12 hata akifundishwa na malaika. Aliyeingia na 190 kwa sababu aliugua siku ya KCPE atapanda hata shule isipofanya kitu. Na hakuna hesabu inayomwona mtoto wa kutwa anayetembea kilomita sita kwenye matope ya Mei na kusoma kwa koroboi.

Chombo hiki kina mwisho pia. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, na darasa lake litafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Kwa Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, utaanza na pointi za KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, 8 hadi 1 kwa kila somo, ambazo haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja na alama za 500. Mzazi anayechagua shule sasa aende akaulize mambo yanayoonekana kwa macho: walimu wa hisabati walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, ni wangapi na walioajiriwa na bodi ya shule ni wangapi, kila mkondo wa masomo unaotangazwa una mwalimu au umeandikwa tu kwenye bango, na mwanafunzi hushika bureti, mrija wa kupimia kemikali maabarani, kwa mara ya kwanza lini. Kwa shule nyingi za kutwa jibu la hilo la mwisho limekuwa muhula wa tatu wa Kidato cha Nne, wiki chache kabla ya karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, yenye alama 40.