Tarehe inayogeuka chini kwa chini: dhana potofu na ukweli

Dhana: "SimpleDateFormat yangu nimeiandika static final, basi haibadiliki."

Maneno hayo ya Java hufunga jina tu, lisipewe kitu kingine. Kilichomo ndani kiko wazi. SimpleDateFormat, chombo cha Java cha kugeuza tarehe kuwa maandishi na maandishi kuwa tarehe, hubeba tumboni Calendar, kitu kinachohifadhi tarehe. Ukiita format(), kwanza huandika tarehe yako kwenye Calendar hiyo, kisha ndipo husoma humo siku, mwezi na mwaka. Sasa chukua programu yenye nyuzi (threads) mbili, yaani kazi mbili zinazoenda kwa wakati mmoja: uzi wa kwanza ukiweka 3 Machi 2024, na kabla haujasoma uzi wa pili ukaweka 19 Julai 2021, wa kwanza unaweza kurudisha tarehe ya Julai. Programu haianguki wala hailalamiki. Hati hutoka na tarehe ya mtu mwingine. Afadhali parse(), inayogeuza maandishi kuwa tarehe, maana wakati mwingine hupiga kelele: ukiona NumberFormatException (kosa la Java la kushindwa kusoma namba) inayotaja maandishi matupu ilhali tarehe uliyoipa ni sahihi, anza kwa kutafuta SimpleDateFormat inayotumiwa na nyuzi nyingi.

Dhana: "Majaribio yote yamepita."

Yamepita kwa uzi mmoja. Anzisha nyuzi 8, zizuie kwa CountDownLatch ili zianze pamoja, na kila uzi ugeuze tarehe yake mara 10,000 na kulinganisha jibu kila mara.

Dhana: "Nikiweka synchronized, kazi imekwisha."

Hilo ni kufuli linaloruhusu uzi mmoja kwa wakati. Mgongano wa nyuzi utaisha, mradi kila sehemu ipitie kufuli lilelile. Lakini ombi moja kwa seva likiita setTimeZone() na kuweka saa za Tokyo, maombi yanayofuata nayo yatapata saa za Tokyo. ThreadLocal, inayoupa kila uzi nakala yake, nayo haisaidii hapo, kwa kuwa seva hutumia tena uzi uleule kwa ombi jingine. Hamia DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014: withZone() hukupa nyingine mpya, ya awali haiguswi.

Mtego wa kuhama ni huu: Calendar.add() ilibadilisha tarehe papo hapo, ila `tarehe.plusDays(1);` ya LocalDate (tarehe ya Java 8 isiyobadilika) usipopokea jibu lake haifanyi lolote. Andika `tarehe = tarehe.plusDays(1);`.

Dhana: "Situmii nyuzi, hainihusu."

Katika JavaScript, `let mwisho = mwanzo;` ikifuatwa na mwisho.setDate() husogeza zote mbili, kwani ni Date moja yenye majina mawili. Nakili kwanza: `new Date(mwanzo)`. Kwenye PHP, modify() ya DateTime ina tabia hiyohiyo. Tumia DateTimeImmutable, iliyopo tangu toleo la 5.5.