Hali za motisha: kwa nini ndizi ya jana leo haina kazi

Kuna mvulana katika darasa letu la watoto wenye usonji hapa Kisumu aliyependa ndizi mbivu kupita kiasi. Kipande kidogo, kama ncha ya kidole gumba, kilitosha kumfanya aketi, aangalie picha na kutaja jina la kitu. Jumatatu moja alifanya vizuri ajabu. Jumanne nikamwekea kipande kama kile cha jana yake. Akakitazama, akakisukuma kikaanguka sakafuni, kisha akateremka chini ya meza akakaa huko.

"Huyu leo ameamka na ukaidi," mwalimu mwenzangu akasema.

Mama yake alipokuja kumchukua nikamuuliza, "Mama, leo asubuhi alikula nini?"

"Mwalimu, nyanyake alikuja jana kutoka Siaya na mkungu mzima wa ndizi. Tangu jioni anakula tu hizo."

Ukaidi wetu wa asubuhi ulikuwa shibe ya ndizi.

Katika uchanganuzi wa tabia tumizi, taaluma inayotumika sana kuwafundisha watoto kama huyu, jambo lililompata lina jina: hali ya motisha. Maana yake ni jambo lolote, liwe ndani ya mwili au katika mazingira, linalobadilisha kwa muda thamani ya kitu fulani kwa mtu, na papo hapo kuongeza au kupunguza vitendo ambavyo huko nyuma vilimpatia kitu hicho. Sehemu zote mbili ni muhimu. Njaa hupandisha thamani ya chakula. Pia humwinua mtoto aende jikoni, afunue sufuria, amvute mama kwa leso au alie. Hakuna aliyemfundisha asubuhi hiyo kufunua sufuria. Anajua tangu zamani, njaa imeamsha tu kile anachokijua. Shibe hufanya kinyume: hushusha thamani na kutuliza vitendo hivyohivyo.

Wazo lenyewe lina umri. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alizungumzia kunyimwa na kushiba katika maandishi yake ya 1938, na wanasaikolojia wenzake Keller na Schoenfeld wakalipa wazo hilo jina mwaka 1950. Aliyelinoa ni Jack Michael, naye mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala yake ya 1982. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakapendekeza jina pana linalobeba pande zote mbili, ya kupandisha na ya kushusha.

Michael alitenganisha mambo mawili ambayo walimu wengi bado tunayachanganya: kukitaka kitu, na kujua kwamba kitu hicho kinapatikana. Tuseme uko nyumbani mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, saa mbili usiku, stima inapotea. Dakika moja iliyopita mshumaa ulikuwa kipande cha nta kilichosahauliwa kwenye droo. Sasa unaupapasa gizani, unaangusha vijiko, unamwita mtoto akuletee kiberiti. Giza halikukuambia kwamba mshumaa upo. Pengine umekwisha. Giza limekufanya uutake, na hiyo ndiyo hali ya motisha. Ukikosa mshumaa unatoka nje, unaona dirisha la duka la jirani liko wazi na taa ya sola inawaka ndani. Dirisha hilo ni ishara: linakuambia ukibisha utapata. Lakini dirisha hilohilo huwa wazi kila jioni, nawe hulipita bila kugeuza shingo, kwa sababu stima ipo na mshumaa wa nini?

Nalikazia hili kwa sababu hapa ndipo tunapokosea darasani. Mtoto asipoitikia, tunaongeza ishara. Tunarudia agizo, tunapaza sauti, tunamtikisia zawadi mbele ya macho. Ni sawa na kufungua madirisha kumi ya duka kwa mtu ambaye stima yake inawaka. Kinachokosekana ni hamu, na hamu haiji kwa kelele.

Baadhi ya hali hizi tunazaliwa nazo: njaa, kiu, kukosa usingizi, joto kali, baridi, maumivu. Nyingine hujengwa na yale tuliyopitia, na wataalamu huzigawa katika aina tatu. Mbili ndizo ninazokutana nazo kila wiki.

Moja ni ile ambayo kitu huwa onyo kwamba mambo yanaelekea kuwa mabaya. Yule mvulana wetu baadaye alianza kuteremka chini ya meza mara tu akiona kisanduku cha picha, kabla hata hakijafunguliwa. Kwake kisanduku kilikuwa kimegeuka mwanzo wa kazi ngumu, na kukikimbia kukawa na thamani. Dawa ilikuwa kukifanya kisanduku kiseme kitu kingine: picha mbili za kwanza ziwe anazozijua, wimbo katikati, na kadi ya kupumzika aishike yeye mwenyewe.

Ya pili ni pale kitu kimoja kinapokipa kingine thamani. Mwekee mtoto sahani ya wali na ndengu, kijiko ubaki nacho wewe. Kijiko hakiliki, na saa moja kabla ya chakula hakimhusu. Mbele ya wali ule kina thamani kubwa. Hapo ndipo tunapomfundisha kuomba: aguse picha ya kijiko, au atamke hata "ji", na kijiko kinafika mkononi mwake mara moja. Usingoje mpaka alie. Neno linalofundishwa wakati mtoto analihitaji kweli humkaa kuliko lile analoimbishwa ubaoni bila sababu.

Maumivu ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Msichana mmoja alianza kurarua kitabu chake cha kuchora kila tulipokifungua. Kwa siku nne tulimtoa kwenye duara kama adhabu, na kila siku alirarua mapema zaidi. Siku ya tano niliona anavyoketi: kiganja cha kushoto kimebanwa shavuni, kichwa kimelalia bega. Nikainama kuutazama mdomo wake, akasukuma mkono wangu nilipogusa taya. Jino la nyuma lilikuwa limeoza. Maumivu yalikuwa yameipa thamani kubwa nafasi ya kuachwa peke yake, na adhabu yetu ilikuwa inampa hasa kile alichokuwa akikitafuta. Tulimlipa kwa kurarua. Jino liling'olewa, na wiki iliyofuata kitabu kilifunguliwa, akachora duara na kulipaka rangi ya samawati mpaka karatasi ikalowa.

Wazazi wakisikia habari hii huniuliza swali moja: basi nimnyime chai asubuhi ili zawadi zifanye kazi? Hapana. Chakula, maji na usingizi ni haki ya mtoto, wala si vifaa vya mwalimu. Ratiba ya kawaida inatosha. Somo gumu tunalifanya kabla ya chai ya saa nne, si baada yake. Kuna gari dogo la plastiki ambalo mtoto huliona wakati wa somo tu, na kwa kuwa hajalizoea, bado analitaka. Vipande vya zawadi ni vidogo, maana kila kipande kinashusha kidogo thamani ya kinachofuata. Na kabla ya kuanza tunaweka vitu vitatu mezani bila kusema neno, tunaangalia mkono wake unaenda wapi. Mkono ndio unaotuambia kiimarishi cha siku hiyo, yaani zawadi itakayomfanya arudie tendo, hata kama wiki nzima ulienda kwingine.

Pia tuna daftari langoni sasa. Mzazi akifika na mtoto tunamuuliza: amelala saa ngapi, amekula nini, amekwenda choo, kuna mahali panapomuuma? Inachukua dakika mbili, na boda boda inangoja.

Nyanya yake yule mvulana alirudi Siaya Ijumaa, na mkungu ulikuwa umekwisha. Jumatatu alikuwa ameshaketi kabla sijamaliza kumenya ndizi.