Je, wajua jinsi tarakimu chache zilivyohifadhi mchezo mzima wa besiboli wa mwaka 1956?

Tarehe 8 Oktoba 1956, mbele ya watazamaji 64,519 katika uwanja wa Yankee Stadium jijini New York, Don Larsen, mrushaji (anayewatupia wapigaji mpira) wa timu ya New York Yankees, aliwakabili wapigaji 27 wa Brooklyn Dodgers, na wote 27 wakatolewa pasipo hata mmoja wao kufika kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili kufunga alama. Ulikuwa mchezo wa tano wa World Series, yaani fainali za besiboli ya Marekani, na hadi leo hakuna mrushaji mwingine aliyekamilisha mchezo wa namna hiyo katika fainali hizo. Yankees walishinda 2–0, kwa saa 2 na dakika 6. Hata hivyo, msomaji ambaye hakuwa amezaliwa siku hiyo anaweza leo kuishika karatasi ya kumbukumbu za mchezo ule na kueleza, mpigaji kwa mpigaji, nani alitolewa, katika duru ipi (kila duru timu hupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe) na kwa mikono ya nani. Inawezekanaje?

Jibu la kwanza limo katika maumbile ya mchezo wenyewe. Kandanda hutiririka, na ni vigumu kusema shambulio moja limeishia wapi na lingine limeanzia wapi. Besiboli hukatika vipande vipande, kwa kuwa baada ya kila mrusho mchezo husimama, na kila tukio lina mwanzo, mwisho na mtu wa kuandikiwa. Jambo hilo alilitambua mapema Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa mtoto, na ambaye macho yake yalikuwa yameshazoea majedwali ya kriketi. Mwaka 1859 alichapisha jedwali la mchezo wa besiboli ambalo ndilo mzazi wa majedwali yaliyofuata: kila mchezaji na mstari wake, kila tendo na safu yake.

Lakini jedwali la magazetini ni muhtasari tu. Utamu wenyewe uko katika karatasi ya mwandishi wa alama, ambamo kila mlinzi hutajwa kwa nambari ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji 2, walinzi wa vituo vitatu ni 3, 4 na 5, anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6, na watatu wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia, ni 7, 8 na 9.

Tuchukue duru ya pili. Jackie Robinson wa Dodgers aliupiga mpira kwa nguvu kuelekea kituo cha tatu, ukamgonga Andy Carey, mlinzi wa kituo hicho, na kumponyoka. Kwa bahati njema ya Yankees, ukadunda hadi kwa Gil McDougald, ambaye aliuokota na kuurusha kituo cha kwanza kabla Robinson hajawasili. Yote hayo huandikwa 5-6-3. Mtu aliyezoea karatasi hizi hushtuka mara tu aionapo safu hiyo, kwa sababu mpira wa kawaida kutoka kituo cha tatu huandikwa 5-3, na ile 6 iliyojipenyeza katikati inamwambia kwamba mpira ulibadili njia.

Si kila tarakimu iliyo na ukarimu huo. Katika duru ya tano Gil Hodges aliupiga mpira mbali sana, na Mickey Mantle, mlinzi wa katikati wa Yankees, akatimka mbio ndefu hadi akaudaka kabla haujagusa nyasi. Kwenye karatasi tukio hilo ni 8, sawasawa na mpira mwepesi ambao mlinzi wa katikati angeudaka akiwa amesimama tuli. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa kumbukumbu hizi: njia ya mpira huandikwa, jasho la aliyeufuata halina safu.

Uaminifu wake, kwa upande mwingine, unaweza kupimwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Kila mpigaji aliyepata zamu lazima aishie katika moja ya mafungu matatu: amefunga alama, ameachwa kituoni duru ilipokwisha, au ametolewa. Kwa Dodgers hesabu ni fupi mno: zamu 27, waliotolewa 27. Kwa Yankees kuna zamu 26 za kawaida, wawili waliopewa kituo bila kupiga, na Larsen mwenyewe, aliyejitoa mhanga katika duru ya sita ili Carey asogee kituo cha pili, jumla 29. Upande wa pili kuna alama 2, walioachwa vituoni 3 na waliotolewa 24, kwani walipiga duru nane tu (wenyeji wanaoongoza hawapigi duru ya tisa), jumla 29. Kama hesabu hizo zisingelingana, mwandishi angejua kwamba kuna mtu amempoteza.

Anabaki mpigaji wa 27, Dale Mitchell, aliyeingia kama mbadala wa mrushaji Sal Maglie. Mpigaji anayetolewa kwa mipira mitatu iliyohesabiwa dhidi yake huandikiwa K, herufi aliyoichagua Chadwick kwa sababu S ilikuwa na kazi nyingine. Na desturi ya waandishi wengi ni kuigeuza K hiyo ikatazama nyuma iwapo mpira wa mwisho ulimpita bila yeye kuupiga. Mpira wa mwisho wa Larsen ulimpita Mitchell bila yeye kuupiga; mwamuzi Babe Pinelli akauhesabu kuwa halali, na mdakaji Yogi Berra akamrukia Larsen kifuani kwa furaha. Mitchell alishikilia kwamba mpira ulipita nje ya eneo halali. Karatasi haina mahali pa kuandika ubishi huo: ina K iliyogeuzwa, na katika jedwali, mbele ya jina lake, zamu 1 na mapigo 0.