Bendera Nyekundu Ikishushwa, Uwanja wa Shabaha Haugeuki Malisho

Wafugaji na waokota vyuma chakavu wengi pembezoni mwa Arusha huamini kuwa bendera nyekundu ikishushwa kwenye uwanja wa shabaha wa jeshi, eneo ni salama. Inaeleweka: bendera hiyo ndiyo iliyowazuia tangu asubuhi.

Lakini bendera hujibu swali moja tu, kama risasi zinapigwa. Kabla ya kuishusha, msimamizi husimamisha ufyatuaji na kuhakikisha kila bunduki ni tupu. Ardhi ni suala jingine: pale panapotumika makombora au mabomu ya mkono, mengine hayalipuki, hufukiwa ardhini, na masika huyafukua. Na kutu haiui bomu! Ganda huliwa, kilipuzi ndani hudumu miaka mingi, na mguso mdogo waweza kukiwasha. Hilo ndilo linalonitia hofu nikiona watoto wakigonga chuma kwa jiwe.

Soma kibao cha mpakani. Uliza ofisi ya kijiji au mtaa kama raia wanaruhusiwa kuingia. Mkiona kitu chenye mapezi mkiani, kama ya samaki, msikiguse. Rudini kwa njia mliyojia, wekeni alama kwa mbali, mpige simu ya dharura 112.