Kwa nini kifua hubana alfajiri

Msimu wa kukausha tumbaku, wagonjwa wa kifua wanaotufikia hapa Tabora mjini kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge husimulia jambo moja: mchana niko sawa, daktari, shida inaanza saa tisa, saa kumi usiku. Huyu analaumu baridi, yule analaumu moshi wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na wapo wanaomtaja jirani. Moshi una makosa yake, siutetei. Ila saa hizo zina sababu nyingine, nayo imo ndani ya njia ya hewa yenyewe.

Papasa shingo yako mbele, chini kidogo ya kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza. Utagusa vitu vigumu vilivyopangwa mfano wa pete. Hizo ni gegedu za koo la hewa, na si duara kamili: upande wa nyuma, linakopita bomba la chakula, ziko wazi, ili tonge kubwa la ugali lipate nafasi ya kushuka. Koo hilo, lenye sentimita 10 hadi 12 kwa mtu mzima, likifika kifuani hugawanyika matawi mawili, kila tawi nalo likagawanyika tena, hivyo hivyo mara 23 hivi, mpaka kwenye vifuko vya hewa ambavyo ni zaidi ya milioni 300. Kadiri unavyoshuka gegedu zinapungua, na vile vijia vidogo havina kabisa. Vimezungukwa na misuli laini tu.

Unaweza kuzuia pumzi kwa muda, maana misuli ya mbavu na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hukusikiliza. Hii ya vijia vya hewa haikusikilizi. Inaendeshwa na neva iitwayo vagasi, itokayo chini ya ubongo hadi kifuani: ikituma ujumbe, misuli hujikaza na njia inakuwa nyembamba. Kinyume chake ni adrenalini, homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo. Ikifika, misuli hulegea. Ndiyo maana ukikurupushwa na nyoka shambani unatimua mbio na hewa inatosha.

Usiku adrenalini na kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo hizo, hupungua, vagasi ikashika usukani. Njia za hewa za kila binadamu hufikia wembamba wake wa mwisho karibu na saa kumi usiku. Mwenye mapafu mazima hata hajui. Mwenye pumu, ambaye kuta za njia zake zimekwisha kuvimba na misuli yake ni myepesi kushtuka, anaamka na kuketi kitandani, kifua kinapiga mluzi. Hesabu yake ni kali: hewa ikipita taratibu kwenye kijia kilichopungua hadi nusu ya upana wake, ugumu wa kupita hauongezeki mara mbili bali mara 16.

Sasa mweke mtu huyo kwenye bani. Tumbaku hukaushwa kwa moto kama wiki nzima, usiku na mchana, na lazima awepo wa kuchochea. Saa kumi usiku anainama mbele ya tanuri kuongeza gogo, anavuta moshi. Kuta za njia zinawashwa, habari inafika kwenye ubongo, vagasi inajibu kwa kukaza. Kwa kawaida huo ni ulinzi, uchafu usishuke chini zaidi. Kwa mwenye pumu ulinzi unapita kiasi. Isitoshe, moshi hudhoofisha vile vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwenda juu, yakabaki huko chini kuziba nafasi iliyosalia. Familia ikigawana zamu, mwenye pumu asipewe ya usiku. Apewe kazi nyingine, mbali na moshi.

Kuhusu pampu ya buluu, ile ya kuvuta kwa mdomo kifua kinapobana, maneno ya vijiweni kwamba ukiianza hutaiacha ni maneno tu. Dawa yake, salbutamoli, huiga adrenalini na kulegeza misuli kwa saa nne hadi sita. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mtu kuitegemea hiyo peke yake, kwa sababu uvimbe wa kuta haiugusi. Uvimbe unatibiwa kwa pampu ya steroidi, ile ya kutumia hata siku unazojisikia mzima. Tangu 2019 GINA, wanaotoa miongozo ya pumu duniani, hawashauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli pekee.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke bila kuifuta, kisha itoboe kitako tundu la kubana mdomo wa pampu barabara. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, naye avute na kutoa pumzi mara tano au sita kwenye mdomo wa chupa.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au nyama za katikati ya mbavu zikizama kila avutapo, usisubiri kukuche. Na mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahema kwa shida, hajapata nafuu: hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata kutoa sauti. Endelea kumpa pampu ya buluu mkiwa njiani kwenda hospitali.