Kuishi jirani na ghala la mabomu: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009, mchana, ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Jumatano nyingine, tarehe 16 Februari 2011, usiku, likalipuka la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na maelfu wakazikimbia nyumba zao. Tangu hapo majirani wa kambi wana mengi ya kuambizana. Mengine ni kweli. Mengine yanaweza kuua.

"Ukishakuwa nje ya uzio, uko salama."

Uzio unazuia watu kuingia. Mlipuko hauujui. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu utunzaji wa risasi na mabomu hupima umbali kwa uzito wa vilipuzi vilivyomo ghalani: chukua kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu, zidisha kwa 22.2, upate mita. Tani 1 inadai nyumba za watu ziwe mita 222. Tani 8, mita 444. Tani 64, mita 888. Na hata kwenye umbali huo vioo vinaweza kupasuka. Kinachotarajiwa ni nyumba isiwaangukie waliomo.

Jirani hawezi kujua kuna tani ngapi ndani, na hatakiwi kujua. Anachoweza ni kwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri kabla ya kununua kiwanja, akaangalie kwenye ramani bikoni za eneo la jeshi ziko wapi. Kiwanja kinachouzwa nusu ya bei ya vingine, na kinapakana na uzio wa kambi, kiulizie mara mbili.

"Ghala halilipuki bila mtu kulilipua."

Linaweza. Baruti inayosukuma kombora ina nitroselulosi, na hiyo huoza polepole yenyewe huku ikitoa joto. Ndiyo maana kiwandani huchanganywa na kemikali ya kuituliza, kwa kawaida kama asilimia 1 hivi. Kemikali hiyo huisha mwaka hadi mwaka, na joto huimaliza upesi: nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuoza hupanda mara mbili au zaidi. Ikishakwisha, baruti inaweza kujipasha moto hadi ikawaka yenyewe. Kwa hiyo ghala la bati lisilopitisha hewa, kwenye joto la pwani, linahitaji wataalamu wanaopima baruti mara kwa mara na kuteketeza iliyochoka. Majani marefu yanayoshika moto, radi na kreti lililoangushwa ni vyanzo vingine.

"Ukisikia mlipuko, kimbia."

Hapa ndipo tunapoomba watu wasikilize zaidi. Ghala la kambi ya Ikeja, Lagos, lilipolipuka tarehe 27 Januari 2002, walikufa watu zaidi ya 1,000, na wengi wao hawakuuawa na mabomu. Walikanyagana, au walitumbukia kwenye mfereji wa Oke-Afa gizani wakazama.

Mwanga hufika kwanza. Sauti na mgandamizo wa hewa hufuata, takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Mtu anayekwenda dirishani kuchungulia hupokea vioo usoni. Ukiona mwanga, lala chini hapo hapo, mbali na dirisha, kichwa kikiwa mikononi. Korido yenye ukuta wa tofali pande zote mbili ni bora kuliko sebule. Milipuko ya ghala huja kwa mafungu, kwa saa nyingi. Kukitulia kidogo, ondokeni kwa miguu, mkilipa ghala kisogo, bila kusubiri daladala.

Jambo moja lifanyike leo. Gongo la Mboto watoto wengi walipotezana na wazazi wao usiku ule. Kubalianeni mahali pa kukutana, angalau kilomita 3 kutoka kambini, na mtoto akariri jina kamili la mzazi na namba ya simu. Simu zenyewe hazitapatikana wakati huo, maana kila mtu atakuwa anapiga.

"Nyumba haikuanguka, basi ni nzima."

Angalia pembe za madirisha: ufa wa mshazari uliopasua tofali lenyewe, siyo lipu tu, ni ishara mbaya. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, vilevile. Panda uangalie kama kenchi bado zimekaa juu ya lenta. Piga picha kila ufa kabla ya kuziba, kisha uite fundi.



 

"Bomu lenye kutu limekufa."

Kutu inakula ganda na inaweza kulegeza pini na springi zilizokuwa zikizuia kiwashio, yaani kifaa kinacholilipua bomu. Kilipuzi ndani kinabaki kizima kwa miongo. Kombora lililorushwa na mlipuko wa ghala limepigwa na kuchomwa, na hakuna awezaye kulitazama akasema kiwashio chake kimefikia wapi. Pete ya shaba kiunoni mwake ndiyo huwavutia wauza chuma chakavu. Kuibandua kwa patasi ni kulipiga bomu nyundo.

Ukikuta kitu kama hicho, usiguse, usimwagie maji, usifukie. Rudi kwa nyayo zako ulizojia. Funga kitambaa kwenye tawi njiani, mbali na bomu, kisha piga simu ukishafika mbali: polisi 112, na mwenyekiti wa mtaa. Mita 100 ni za kuanzia tu, maana vipande vya kombora la mzinga huruka mamia ya mita. Abaki mtu mzima mmoja wa kuzuia watoto.

Mabomu mengine yalizama ardhini. Anayechimba msingi au shimo la choo kwenye maeneo ya Mbagala na Gongo la Mboto, hata leo, asikiapo sururu imegonga chuma asipige mara ya pili. Atoke shimoni, aache sururu pale pale.