Akili mnemba haikukaa kwenye kikao chetu

Mwaka jana nilitoka kwenye kikao cha kamati saa kumi na moja jioni nikiwa na kurasa tisa za maandishi ya harakaharaka, na njaa. Katibu nilikuwa mimi. Badala ya kukesha na muhtasari, nikayachapa maandishi yangu yote kwenye programu ya akili mnemba (AI) na kuiagiza iyapange. Nusu dakika haikuisha, muhtasari ukaja: ajenda zimenyooka, namba zimekaa mahali pake, Kiswahili kimetulia kuliko changu. Nikaurusha kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, nikaenda kula.

Asubuhi mhasibu akanipigia. "Mwalimu, hilo tenki la maji tulilipitisha lini?"

Hatukulipitisha. Hoja ya tenki ilipoletwa, mwenyekiti alisema: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Aliyewahi kukaa kikao cha ofisi katika nchi hii anajua maana ya maneno hayo. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mleta hoja kasitiriwa, hoja imekwenda kulala. Mashine ikaandika: "Kikao kiliazimia ujenzi wa tenki uanze mara moja." Hilo "mara moja" sijui ililiokota wapi, kwenye maandishi yangu halimo.

Ninafundisha kompyuta chuoni hapa Dodoma, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapelekea wananchi elimu hii: watumishi wa umma, wakulima, vikundi vya akina mama. Kisa cha tenki ndicho ninachoanza nacho kila ninapokwenda, maana watu wakishacheka huacha kuiogopa hiyo mashine, na pia huacha kuiabudu.

Sasa tuone inafanyaje kazi. Soma maneno haya: "Haraka haraka haina..." Umeshamalizia. Hukukaa kutafakari, umeyasikia mara nyingi mno hata neno la mwisho likaja lenyewe. Programu kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, hufanya jambo la jamii hiyo. Imepitishwa kwenye maandishi mengi kuliko anayoweza kuyasoma mtu katika maisha elfu, na ikapiga hesabu: baada ya maneno haya, ni kipande gani cha neno kina uwezekano mkubwa wa kufuata? Nasema kipande kwa sababu neno kama "hawatatusomesha" hailioni kama neno moja; hulikata vipande, kisha huvipanga kimoja baada ya kingine. Usanifu unaowezesha hayo ulielezwa mwaka 2017 na watafiti wa Google. Jina la fani yenyewe, kwa Kiingereza artificial intelligence, ni la zamani zaidi. John McCarthy na wenzake walilitumia kuitisha warsha iliyofanyika mwaka 1956 katika chuo cha Dartmouth, Marekani.

Angalia kilichokosekana katika maelezo hayo. Katika hesabu hiyo hakuna mahali mashine inapotoka kwenda kuhakikisha kama jambo ni kweli. Inatafuta linaloelekea kufuata, basi. Mara nyingi linaloelekea kufuata ndilo la kweli pia, na hapo ndipo inapotushangaza kwa uhodari. Lakini mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za rejea ambazo hazikuwahi kuwapo duniani. Zilitungwa na ChatGPT, zikiwa na majina na namba kama kesi halisi. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Wasomi wale hawakuwa wajinga. Walidanganywa na unadhifu wa maandishi, kama mimi na tenki langu.

Sisi wa huku kati tuna shida yetu nyingine juu ya hiyo. Mkulima mmoja wa zabibu, upande wa Hombolo, alinionyesha simu yake. Alikuwa ameuliza apogoe lini, na jibu lilikuja kwa Kiswahili fasaha: asubiri mwisho wa majira ya baridi, mzabibu ukiwa umepukutisha majani na kulala, apogoe mara moja kwa mwaka. Akaniuliza, "Baridi ipi hiyo, hii yetu ya Juni?" Ule ulikuwa ushauri wa Ulaya, ambako baridi kali huulaza mzabibu kweli. Dodoma mzabibu haulali. Hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na bahati hiyo mikoa mingi ya zabibu duniani haina. Mgeni wa kilimo angelifuata jibu lile, msimu mmoja ungempita.

Sababu haiko mbali. Mizabibu ya Ufaransa na Italia imeandikiwa vitabu kwa karne nyingi, na mashine imevimeza. Ya kwetu imeandikwa kidogo: ripoti za kituo cha utafiti cha Makutupora, vijarida vya ugani, mengine yamo kwenye mafaili. Kubwa zaidi limo vichwani mwa wakulima wenyewe, wanaojua kwa kutazama jani kama ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, au ni vumbi la barabarani. Mashine ikiulizwa jambo isilolisoma, mara nyingi haisemi "hili sijui". Huchukua la jirani na kukupa. Mwanafunzi wangu mmoja Mgogo aliisalimu "Mbukwenyi". Ikamjibu kwa kujiamini sana, sentensi nne nzima, na darasa zima la Wagogo halikuambulia hata moja.

Nisieleweke kwamba nawakataza wakulima. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, na inafanya hivyo hata pasipo na intaneti. Inafaa kwa sababu ilifunzwa kwa picha za majani ya mihogo halisi, mengine yamepigwa hapa Tanzania, na wataalamu wakaweka alama picha baada ya picha. Yaani waliilisha shamba letu. Kwa hiyo ninapoulizwa kama kitu fulani cha akili mnemba ni kizuri, nami huuliza kwanza kimelishwa nini, na nani alikaa kukifundisha. Kufundisha kwenyewe ni kazi ya watu. Hata hizi programu za mazungumzo zina jasho la Nairobi ndani yake: vijana waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ili mashine ijifunze kuyakwepa. Jarida la Time lilifichua hilo Januari 2023.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la kazi. Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa makadirio kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili mnemba; katika nchi tajiri asilimia 60, katika nchi za kipato cha chini asilimia 26. Kuguswa siyo kufutwa, wengine husaidiwa. Ila takwimu ya nchi nzima inaficha sura ya Dodoma. Trekta ilianzia shambani. Hii imeanzia mezani. Mpakia magunia wa soko la mahindi la Kibaigwa hana cha kuihofia leo. Mji huu, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, unaishi kwa madokezo, barua, taarifa za robo mwaka na mihtasari ya vikao. Hizo ndizo kazi ambazo mashine inazifanya vizuri zaidi.

Nenda kwenye steshenari yoyote karibu na vyuo vyetu. Kuna kijana ninayemfahamu aliyekuwa akiishi kwa kuchapa: barua za maombi ya kazi, wasifu, taarifa za mafunzo kwa vitendo, analipwa kwa ukurasa. Siku hizi mteja anafika na barua iliyokwishaandikwa, anaituma WhatsApp, anataka iprintiwe tu. Mapato ya kuchapa yamekauka. Lakini kijana yule ana macho. Akagundua barua zinazoletwa zinafanana kama mayai, zote zinaanza na "Ninaandika kuonesha nia yangu ya dhati", na nyingine zimempa mwombaji uzoefu wa miaka mitano wakati alihitimu mwaka jana. Akaanza kuwasomea wateja barua zao kwa sauti, pale pale kaunta. "Hii kozi uliisoma kweli?" Mtu anaona haya, anafuta. Sasa analipwa kwa kusahihisha. Si kama zamani, ameniambia wazi, na msaidizi wake wa kuchapa amerudi kijijini. Huyo msaidizi ndiye ninayemfikiria zaidi. Mtu hujifunza kazi kwa zile kazi ndogondogo za mwanzo, na hizo ndizo zinazokwenda kwanza. Nikikaa na wakuu wa idara huwaomba wasiwanyime vijana wapya nafasi ya kuandika muhtasari wao wenyewe, hata kama mashine ina kasi zaidi.

Upande wa nafuu upo, tena hapa hapa. Kwa miaka mingi hakimu alisikiliza shahidi huku akiandika kila neno kwa mkono, mashauri yakisubiri kasi ya kalamu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo unaogeuza mazungumzo kuwa maandishi na kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Hakimu akiweza kumtazama shahidi usoni badala ya kutazama karatasi, hilo nalihesabu kuwa maendeleo makubwa. Bado binadamu lazima apitie maandishi hayo, maana shahidi naye anaweza kusema "tutalifanyia kazi".

Kwenye sanaa nimekuwa mgumu kidogo, niseme ukweli. Niliiagiza programu ya kuchora iniletee picha ya muheme wa Wagogo kwa ajili ya bango. Ikanichorea wanaume wenye vifua vipana wakizipiga ngoma kubwa kwa fimbo, nyuma yao kuna mlima wenye theluji. Muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio hushika ngoma katikati ya mapaja na kupiga kwa mikono. Bango kama lile likibandikwa, mtoto wa darasa la nne ataamini ndivyo mambo yalivyo, na kesho picha hiyo itamezwa na mashine nyingine kama ushahidi. Nilimtafuta mpiga picha wa mtaani, tukaenda Chamwino, kwa Wagogo wenyewe, akapiga picha halisi. Ilinigharimu nauli na siku moja. Wabunifu wa kadi za harusi wananiambia wanaitumia kwa maua na mapambo, na sina ugomvi nao. Waridi ni waridi.

Kuna mambo mawili ambayo sipendi mtu atoke kwenye mafunzo bila kuyapata. La kwanza ni siri za watu. Unachokibandika kwenye programu ya bure kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje, na kinaweza kutumika kuifundisha. Mimi mwenyewe niliyabandika maandishi ya kikao yakiwa na majina ya wajumbe, sikupaswa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Faili la mgonjwa, fomu ya mtumishi, barua yenye muhuri wa siri, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mtu: hayo hayaingii humo. Ukihitaji msaada wa kupanga sentensi, ondoa majina na namba kwanza.

La pili ni utapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea hata tunautania. Sasa mashine huweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia kipande kifupi tu, kama kile unachorekodi na kurusha kwenye makundi. Simu itaita, utamsikia mwanao analia kwamba amekamatwa, anataka pesa sasa hivi. Kata simu. Mpigie kwa namba yake uliyoizoea. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambako kuripoti namba za kitapeli hakukugharimu chochote, na ukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu aliyeiga sauti sawasawa na aliyetuma ujumbe.

Huwa nashauri pia kila familia ichague swali moja la kumpima anayepiga simu ya namna hiyo, ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Kwenye kikundi kimoja cha akina mama huko vijijini nilitoa mfano: ulizeni jina la ng'ombe wa kwanza wa babu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyu wangu aliyeko Dar, hilo swali hata yeye mwenyewe halijui. Si nitamkatia simu mtoto wangu wa kumzaa?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, kisha tukatafuta lingine. Akachagua jina alilokuwa akimwita huyo mwanawe utotoni, alipokuwa anakataa mlenda. Nilimuuliza ni lipi, akanitazama kwa muda.

"Wewe ndiye umesema tusimwambie mtu."